Plastiki nyeusi za gari zikipauka: zirudishe kabla hujaita mnunuzi



Najua kuna watakaosoma kichwa hapo juu na kusema bwana shamba kaacha nyanya kahamia gereji. Sijahama. Ila kila mwaka mavuno yakiisha, vijana wengi mnaofanya kilimo biashara mnauza gari moja na kuongezea hela mpate lingine linalobeba zaidi. Mwenye pikapu anataka Canter, mwenye RAV4 ya zamani anataka pikapu. Hapo ndipo pesa inapopotea kizembe. Mtu amebana matumizi ya mbolea msimu mzima, akahesabu kreti moja moja, halafu anakuja kuachia milioni nzima kwa dalali kwa sababu gari "linaonekana limechoka".

Mfano ninaoujua vizuri ni wa kijana mmoja wa Ilula, mkulima wa nyanya na vitunguu, mwenye Hilux ya miaka mingi. Injini nzima, giaboksi nzima, chesisi haina kutu ya kutisha. Mnunuzi wa kwanza alilizunguka gari mara moja, akagusa bampa, akagusa plastiki zinazozunguka tundu la tairi, akaangalia saitimira, kisha akataja bei iliyokuwa chini kwa 1,200,000 kuliko waliyokubaliana kwenye simu. Boneti hakuifungua. Hoja yake ilikuwa moja tu: plastiki zote nyeusi zimekuwa kijivu kama majivu, kwa hiyo gari limepigwa jua, halikutunzwa, na huenda ndani ni vivyo hivyo. Kijana alihitaji hela ile kukamilisha malipo ya awali ya Canter kabla bei ya kusafirisha mzigo haijapanda. Nilimwambia asiuze siku ile. Tukapanga kazi ya siku mbili.

Kabla ya dawa, tujue ugonjwa. Si ndivyo tunavyofanya shambani?

Plastiki nyingi nyeusi za nje ya gari, zile zisizopakwa rangi, ni polipropilini, mara nyingi imechanganywa na mpira kidogo ili isipasuke ikigongwa. Weusi wake unatokana na masizi laini yaliyochanganywa ndani tangu kiwandani. Ile si rangi iliyopakwa juu. Kazi ya masizi hayo ni kunyonya mionzi mikali ya jua isipenye ndani. Lakini ule uso wa juu kabisa hauna wa kuusaidia. Mionzi ya jua ikishirikiana na hewa inakata minyororo ya plastiki, uso unakuwa na nyufa ndogo sana na unga mwembamba, na mwanga ukigonga hapo unatawanyika. Jicho linaona weupe. Pitisha kidole kwenye bampa lililochoka halafu kitazame, utaona vumbi la kijivu hata kama gari limeoshwa jana.

Hii ndiyo sababu nasema weusi haujatoka, umefunikwa. Chini ya tabaka hilo bado plastiki ni nyeusi. Kazi yetu ni kuondoa unga, kuziba nyufa, na kuweka kinga mpya.

Na msidanganywe na baridi ya Iringa, Njombe au Mbeya mkadhani jua letu ni pole. Kadiri unavyopanda juu, hewa ya kuchuja mionzi inapungua. Kila mita 1,000 za mwinuko zinaongeza mionzi hiyo kwa takriban asilimia 10. Gari linalolala nje kule juu linapauka hata kama dereva anavaa sweta.

Sasa neno lenyewe, kupauka, limetuponza. Ngozi ikipauka tunapaka mafuta, basi na gari nalo tunalipaka mafuta. Nimeona watu wanatumia mafuta ya nazi, oili chafu, dizeli, hata dawa ya viatu. Plastiki si ngozi. Mafuta ya nazi yanang'aa siku mbili tatu, kisha vumbi la barabara ya shamba linanata juu yake na unabaki na tope lenye harufu. Oili chafu na dizeli ni mbaya zaidi: zinachuruzika kwenye rangi mvua ikinyesha, zinalegeza na kuvimbisha mpira ulio karibu, na ukibeba nyanya au mboga kwenye pikapu hiyo mzigo unagusana na uchafu ambao hakuna mteja anayeutaka. Dawa ya viatu inachafua nguo ya kila anayepita karibu na gari. Mnunuzi mzoefu akinusa dizeli kwenye bampa, anajua umefanya nini na anakata bei mara mbili.

Hatua ya kwanza ni kutambua ulichonacho, kwa sababu si kila kitu cheusi kwenye gari ni kitu kimoja. Kuna plastiki yenye vinyweleo au chembechembe, kama mabampa ya pikapu, plastiki za juu ya matairi, madigadi, na ile sehemu iliyo chini ya wipa. Kuna plastiki laini iliyopakwa rangi nyeusi, mara nyingi shoo ya mbele na baadhi ya vitasa. Kuna chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kama nguzo za milango katikati ya vioo na mikono ya wipa. Na kuna raba za vioo na milango. Kilichopakwa rangi kikichoka kinabanduka au kinafanya mabaka, na dawa ya plastiki haitakisaidia, kinataka rangi. Kisichopakwa kinapauka sawasawa kote. Ukiweza kufungua kipande, tazama mgongoni. Viwanda huandika aina ya plastiki kwa herufi: PP ni polipropilini, ABS ni plastiki ngumu zaidi inayopatikana sana kwenye vifuniko vya saitimira na shoo. Hili lina maana, kwa sababu thina kali inaweza kuyeyusha uso wa ABS mbele ya macho yako, wakati PP itaivumilia. Kwa hiyo thina weka mbali kabisa, huihitaji hata hivyo.

Kuosha ndiko kuliko na nusu ya kazi, na ndiko watu wanakokimbilia kumaliza. Kijana wa Ilula alishangaa tulipotumia asubuhi nzima kwa maji na brashi tu. Weka gari kivulini. Loanisha, kisha tumia sabuni ya maji yenye nguvu, ile ya kukata grisi ya jikoni inatosha, na brashi ya nyuzi za plastiki yenye ugumu wa kati. Kwenye kona tumia mswaki wa zamani. Sugua kwa mzunguko, kisha kushoto kulia, kisha juu chini, kwa sababu vile vinyweleo vina mabonde na uchafu umelala ndani yake. Suuza, rudia. Maji ya kwanza yatatoka meusi-kijivu, ya pili kijivu, endelea mpaka povu libaki jeupe. Kwa Hilux ile ilikuwa mara nne kwenye bampa la nyuma, maana ndilo lililokuwa likikanyagwa na wapakiaji.

Utakutana na mabaka meupe yaliyoganda kwenye vinyweleo. Mengi ni nta ya kung'arishia rangi ya gari iliyopitishwa juu ya plastiki na mwosha magari. Chovya mswaki kwenye maji ya moto yenye sabuni, usugue taratibu, itatoka. Mabaka ya kijani au bluu hafifu kwenye magari yetu ya shamba mara nyingi ni viuatilifu vya kopa vilivyodondoka wakati wa kuchanganya dawa nyuma ya gari. Hayo vaa glovu kabla ya kuyagusa, na maji yake yasielekee kisimani wala kwenye mfereji wa umwagiliaji. Na tafadhali, bomba la mgongoni la kupulizia dawa lisitumike kurushia sabuni kwenye gari. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Masalia ya kiuagugu yaliyobaki ndani ya bomba yanaishia kwenye vitasa ambavyo mtoto wako anashika.

Acha ikauke kabisa. Kabisa maana yake saa kadhaa, kwa sababu maji hujificha nyuma ya plastiki na kuchungulia baadaye ukiwa umeshapaka dawa. Ikishakauka futa kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti kidogo ili kuondoa mafuta yaliyobaki. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, kama chini ya bampa.

Halafu angalia umebaki na nini. Wakati mwingine, baada ya kuosha hivyo, plastiki inarudi nyeusi kwa kiasi cha kukutosha, na unachohitaji ni kinga tu. Dondosha tone la maji juu yake. Likiacha doa jeusi zaidi ya pembeni na kusambaa polepole, uso una nyufa na una kiu. Likikaa kama shanga, uso bado una afya au bado una dawa ya zamani hujaiondoa.

Kwa zile zenye kiu, kuna njia tatu za maana.

Ya kwanza ni dawa za kung'arisha zenye silikoni, zile za chupa wanazouza kila duka la vipuri. Ni rahisi, zinapakwa kwa sponji, gari linapendeza jioni ile ile. Zinadumu wiki moja hadi chache, mvua zikianza ni pungufu ya hapo. Kwa gari unalolitumia kila siku na huna mpango wa kuuza, si dhambi. Tatizo lake ni ukitaka kupaka rangi baadaye: silikoni ikibaki kwenye uso, rangi mpya inatengeneza vishimo vidogo kama macho ya samaki na fundi atakulaumu wewe. Na kwa kuuza, dalali yeyote anajua mng'aro ule wa mafuta. Anapitisha kidole, kinatoka na utelezi, anatabasamu.

Ya pili ndiyo niliyompendekezea kijana: dawa ya kurudisha plastiki inayoganda. Hizi zinaingia kwenye nyufa, kisha zinakauka na kuwa tabaka gumu jembamba lenye kinga ya jua. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini chupa ndogo inamaliza pikapu nzima, na inaweza kudumu mwaka au zaidi gari likioshwa kwa adabu. Masharti yake ni matatu na hayana mjadala: uso safi, uso mkavu, na kivuli. Weka matone machache kwenye sponji, paka kipande kidogo kidogo, subiri dakika chache kadiri lebo inavyosema, kisha futa ziada yote kwa kitambaa laini. Usipofuta ziada itaganda kwa mistari na mistari hiyo kuitoa ni kazi. Baada ya hapo gari lisiguse maji kwa saa 24. Tulifanya hivyo siku ya pili asubuhi, umande ulipokwisha, na gari likalala ndani ya ghala la vitunguu.

Njia ya tatu ni rangi, na hii ni kwa plastiki iliyochakaa kiasi cha kuwa na mikwaruzo mirefu, au ile ambayo tangu kiwandani ilikuwa na rangi. Hapa vijana wengi wanaibiwa. Polipropilini haipendi rangi. Uso wake unasukuma gundi na rangi, ndiyo maana bampa linalopulizwa rangi nyeusi ya kopo moja kwa moja linabanduka kama ngozi ya kitunguu ndani ya miezi michache. Lazima kutangulia praima maalumu ya plastiki, ile inayofanya rangi ishike. Muulize fundi kabla hujampa hela: unatumia praima gani kwenye plastiki? Akisita, endelea na safari yako. Ukifanya mwenyewe, kwaruza sehemu laini kwa msasa wa maji namba 400 kisha 600, sehemu yenye vinyweleo isugue kwa skochibraiti tu usiue umbile lake, funika rangi ya gari kwa tepu ya karatasi na magazeti, puliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, tabaka mbili tatu nyembamba, ukipumzika dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka. Tabaka moja nene litachuruzika. Chagua rangi nyeusi isiyong'aa sana. Bampa la pikapu likimeremeta kama kiatu cha harusini linatia shaka.

Kwenye Hilux ile, shoo ya mbele na mikono ya wipa vilipata rangi, vingine vyote vilipata dawa ya kuganda. Gharama yote, pamoja na msasa na tepu, haikufika 90,000.

Kuna njia ya nne inayozunguka sana kwenye simu zenu: kupuliza hewa ya moto kwa mashine ya umeme mpaka plastiki igeuke nyeusi. Inafanya kazi, sitawadanganya, na video zake zinavutia kweli. Joto linayeyusha ule uso wenye nyufa ukalainika tena, mwanga ukaacha kutawanyika. Lakini polipropilini inayeyuka karibu nyuzijoto 160, na mashine hizo zinaweza kufika 500 na zaidi. Sekunde tatu za kusimama sehemu moja na umepata bampa lililopinda, ambalo bei yake dukani ni nyingine kabisa. Vinyweleo vikiyeyuka havirudi. Zaidi ya hapo huongezi kinga yoyote, jua litarudi kuutafuna uso ule ule, na huwezi kurudia mchezo huo mara nyingi. Karibu na mfuniko wa tangi la mafuta usithubutu. Na yule anayetumia moto wa gesi badala ya mashine, huyo sina la kumwambia.

Raba za vioo na milango nitazipitia haraka. Osha kwa sabuni laini, kausha, paka dawa ya raba isiyo na petroli ndani yake. Raba iliyopasuka haiponi, badilisha. Mnunuzi anapofunga mlango anasikiliza mlio, na raba mbovu inamwambia kuna maji yameshaingia ndani.

Sasa suala la uaminifu, maana kuna aliyeniuliza kama huku si kuficha umri wa gari. Kuficha ni kupaka plastiki ili ufuta wa mlangoni usionekane umegongwa, au kupuliza rangi juu ya ufa wa bampa bila kusema. Kusafisha na kuweka kinga ni matunzo, sawa na kupanga nyanya daraja la kwanza juu na daraja la kwanza chini. Kijana alipomwita mnunuzi wa pili, nilimshauri ayataje mwenyewe matairi mawili ya nyuma yaliyoisha na ufa mdogo wa madigadi. Mnunuzi alikata 350,000 kwa matairi, akafungua boneti, akasikiliza injini, wakamaliza. Suala la jua halikutajwa. Canter ilipatikana wiki ileile.

Sasa nirudi shambani, kwa sababu mlichojifunza kwenye bampa mnacho pia kwenye vifaa vya mamilioni ambavyo mnaviacha nje.

Mipira ya matone ni polithini, ndugu wa karibu wa ile plastiki ya bampa. Nayo ni nyeusi kwa sababu ileile, masizi, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Wauzaji wengine wanaleta mipira iliyotengenezwa kwa plastiki iliyorudiwa, masizi yake hayajachanganyika sawasawa. Kata kipande, tazama ukingo uliokatwa kwenye mwanga: ukiona michirizi ya kijivu au chembe, uliza maswali kabla hujanunua roli nzima. Na ukivuna, usiiache mipira shambani miezi minne ikisubiri msimu. Isafishe kwa kufungua ncha maji yatoke na uchafu, ikunje kwa duara kubwa bila kuivunja, ihifadhi ndani, juu ya chaga, mbali na panya.

Nailoni ya kitalu nyumba ni kesi tofauti, kwa sababu lazima ipitishe mwanga, hivyo haiwezi kuwekewa masizi. Inalindwa na kemikali maalumu zilizochanganywa ndani, na kemikali hizo zinadhoofishwa na salfa na klorini. Mkulima anayepiga salfa kila wiki dhidi ya ubwiri unga ndani ya kitalu anafupisha maisha ya nailoni yake, hata kama muuzaji alimhakikishia miaka mitatu. Punguza dawa isiguse nailoni, fungua madirisha baada ya kupiga, na pale nailoni inapogusa bomba la chuma weka kitambaa cheupe au paka bomba rangi nyeupe. Chuma kikipata moto wa jua ndipo nailoni inapoanza kuchanika.

Tangi la maji likiwa jeusi, liache jeusi. Kuna wanaolipaka rangi nyeupe ili maji yapoe, na rangi inabanduka kwa sababu niliyoeleza kuhusu bampa. Lijengee kivuli cha makuti au bati upande wa magharibi, mfuniko wake ufungwe vizuri mwanga usiingie, na kila mwanzo wa kiangazi pitisha kiganja juu ya bega la tangi. Kikitoka na unga wa kijivu, hakuna haja ya kukimbilia tangi jipya. Anza na kivuli, kisha angalia nyufa kuzunguka mdomo wa bomba la kutolea maji, maana huko ndiko linakopasukia kwanza.